Kubadilisha Uwiano wa Gia Katika Giaboksi ya Gari la Zamani

Gari lililoundwa miaka ya 1950 au 1960 lilipangiwa gia kulingana na barabara na injini za wakati huo. Ukiliingiza katika barabara kuu ya leo, injini hulia kwa mizunguko ya juu hata pale ambapo magari mengine yanatembea kwa utulivu, na dereva hujikuta mkono ukitafuta gia ya tano ambayo haipo. Ipo pia shida ya upande wa pili: mwenye gari ameshaweka injini yenye nguvu zaidi, na sasa gia ya kwanza imekuwa fupi kiasi kwamba inakwisha kabla gari halijamaliza kuvuka makutano. Wote wawili huishia kwenye wazo lile lile, yaani kufungua giaboksi na kubadilisha gia zilizomo. Kazi hii inawezekana kwa fundi makini mwenye vifaa vya wastani, lakini makosa yake mengi hufanyika kabla spana haijashikwa, kwa sababu mtu amechagua gia moja bila kuangalia jirani zake. Ukiisogeza gia moja umebadilisha pengo lililopo kati yake na iliyo chini, na pengo lililopo kati yake na iliyo juu, na mapengo hayo ndiyo dereva anayoyahisi kila siku.

Hesabu kabla ya spana

Uwiano wa gia ni idadi ya meno ya gia inayoendeshwa ikigawanywa kwa idadi ya meno ya gia inayoendesha. Chukua Volkswagen Beetle, ambayo giaboksi yake ni rahisi kueleweka kwa kuwa nguvu inaingia kwa shafti moja na kutoka kwa shafti nyingine. Gia ya kwanza ina meno 10 yanayoendesha meno 38, kwa hiyo uwiano wake ni 3.80. Ya pili ni 17 kwa 35, yaani 2.06. Ya tatu ni 22 kwa 29 katika giaboksi za awali, ambayo ni 1.32, au 23 kwa 29 katika za baadaye, ambayo ni 1.26. Ya nne ni 27 kwa 24, na hapo gia inayoendesha ina meno mengi kuliko inayoendeshwa, ndiyo maana uwiano unashuka chini ya moja na kuwa 0.89.

Katika magari mengi yenye injini mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma, mpangilio ni tofauti. Nguvu huingia kwa shafti fupi, hushuka hadi shafti ya chini kupitia jozi moja ya gia ambayo imeshikana muda wote, kisha hupanda tena hadi shafti ya kutokea kupitia jozi ya gia uliyoichagua. Uwiano wa kila gia ni zao la jozi hizo mbili. Tuseme jozi ya mbele ni meno 20 kwa 30, yaani 1.50, na jozi ya gia ya pili ni 22 kwa 28, yaani 1.27, gia ya pili inakuwa 1.91. Kama jozi ya gia ya tatu ni 26 kwa 24, gia ya tatu inakuwa 1.38. Ya nne haipiti huko kabisa, kwa kuwa shafti ya kuingilia hufungwa moja kwa moja na ya kutokea, na uwiano unabaki 1.00.

Hapo kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Ukibadilisha jozi ya mbele tu, kutoka 20 kwa 30 na kuwa 21 kwa 29, gia ya pili inashuka hadi 1.76 na ya tatu hadi 1.27, huku ya nne ikibaki palepale. Gia zote za chini zimesogea kwa kiasi kilekile, karibu asilimia 8, na zote zimesogea kuelekea ya nne. Linganisha giaboksi ya Ford iitwayo Type 9, ambayo watu wengi huifunga katika magari ya zamani ili kupata gia ya tano. Ile ya injini za silinda nne ina 3.65, 1.97, 1.37, 1.00 na 0.82, na ile ya injini ya V6 ina 3.36, 1.81, 1.26, 1.00 na 0.82. Gawanya namba tatu za kwanza za orodha ya pili kwa namba tatu za kwanza za orodha ya kwanza, utapata takriban 0.92 kila mara. Kwa hiyo mtu anayetaka gia ya kwanza ndefu zaidi, yaani yenye uwiano mdogo, na mapengo ya karibu karibu pale juu anaweza kuyapata yote mawili kwa jozi moja. Anayetaka kubadilisha gia ya tatu pekee hatafika popote kwa njia hiyo.

Baada ya kupata uwiano, tafuta mwendo. Zidisha mizunguko ya injini kwa dakika mara mzingo wa tairi kwa mita, zidisha kwa 60, gawanya kwa 1000, kisha gawanya kwa zao la uwiano wa gia na uwiano wa difu, yaani gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Jibu ni kilomita kwa saa. Mzingo wa tairi usiuchukue kwenye jedwali ikiwa unaweza kuupima: weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, mtu akae kwenye kiti cha dereva, sukuma gari hadi alama ya tairi irudi chini, kisha pima umbali. Tairi lililobeba uzito huwa fupi kidogo kuliko linavyoandikwa.

Kwa Beetle yenye tairi za mzingo wa mita 1.98, difu ya 4.375 na gia ya nne ya 0.89, mizunguko 3,500 inatoa kilomita 107 kwa saa. Ukiweka gia ya nne ya 28 kwa 23, ambayo ni 0.82, mizunguko hiyohiyo inatoa kilomita 116. Kwenye karatasi ni ushindi. Sasa angalia pengo. Ukibadilisha kutoka gia ya tatu ya 1.26 kwenda ya nne ya 0.89 injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000, itaangukia karibu 2,820. Ukienda kwenye 0.82, itaangukia 2,600. Tofauti inaonekana ndogo hadi siku unapopanda mwinuko mrefu huku upepo ukikupiga usoni: injini haiwezi kuvuta, dereva anarudi gia ya tatu, na kelele aliyoikimbia inarudi ikiwa kubwa zaidi. Kwa injini inayopozwa kwa hewa kuna madhara mengine, kwa sababu feni yake inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Injini inayolazimishwa kuvuta mzigo mzito kwa mizunguko ya chini inapata joto jingi na hewa kidogo. Gia ndefu ya nne ni ya injini iliyoongezewa nguvu. Kwa injini ya kawaida iliyochoka mimi ningeiacha ya kiwandani.

Ndiyo maana kabla ya kuamua ni vyema kuuliza kama shida iko kwenye giaboksi kweli. Kubadilisha krauni na pinioni ya difu (gia kubwa na gia ndogo inayoiendesha) hurefusha au kufupisha gia zote kwa pamoja bila kugusa mapengo. Beetle za nyakati mbalimbali zilitoka kiwandani na difu za meno 8 kwa 35, 8 kwa 33 na 8 kwa 31, yaani 4.375, 4.125 na 3.875. Kutoka ya kwanza kwenda ya mwisho, kila gia inarefuka kwa karibu asilimia 13, na mizunguko 3,500 katika mfano wetu inakuwa kilomita 121 kwa saa. Gharama yake iko kwenye gia ya kwanza, ambayo nayo imerefuka, na klachi ndiyo itakayoilipa kila unapoondoka kwenye kilima. Magari ya Uingereza ya zama hizo mara nyingi yana njia nyingine, nayo ni ovadraivu inayofungwa nyuma ya giaboksi na kupunguza mizunguko kwa karibu moja ya tano kwa kubonyeza swichi. Kama kilio chako ni cha barabara kuu tu, na gari lako linakubali kifaa hicho, funga vitabu vya meno ukakitafute.

Chora jedwali dogo la gia zote, lenye mwendo wa kila gia kwenye mizunguko unayobadilishia na mizunguko inayobaki baada ya kubadilisha. Pengo linalofaa huwa kubwa kati ya kwanza na pili na hupungua kadiri unavyopanda, kwa sababu upinzani wa hewa huongezeka na injini inahitaji kuangukia mahali penye nguvu. Jedwali likionyesha pengo la tatu kwenda nne ni kubwa kuliko la pili kwenda tatu, umekosea mahali.

Kinachoweza kubadilishwa na kisichoweza

Si kila gia hutoka peke yake. Katika Beetle, meno ya kuendesha ya gia ya kwanza na ya pili yamekatwa kwenye shafti yenyewe, kwa hiyo kuyabadilisha ni kununua shafti nzima. Ya tatu na ya nne ni vipande vinavyojitegemea, na ndiyo maana mabadiliko mengi ya gari hilo yanahusu gia hizo mbili. Katika giaboksi nyingi za shafti ya chini, gia zote za shafti hiyo ni chuma kimoja kilichochongwa kama mkungu. Ukitaka kubadilisha ya kwanza, unabadilisha mkungu mzima pamoja na gia zinazoshikana nao juu, na hapo ndipo bei hupaa.

Gia hununuliwa kwa jozi, na jozi isitenganishwe. Umbali kati ya shafti mbili hauwezi kubadilika, kwa hiyo ukubwa wa jino, pembe ya mshazari wake na jumla ya meno ya jozi lazima vikubaliane na umbali huo. Tazama namba za Beetle: 17 na 35 ni 52, 23 na 29 ni 52, lakini 22 na 29 ni 51, na 27 na 24 pia ni 51. Watengenezaji huweza kurekebisha umbo la jino ili jumla mbili zinazokaribiana zikae kwenye umbali mmoja. Wewe huwezi. Gia ya meno 23 kutoka jozi moja na ya meno 29 kutoka jozi nyingine zinaweza kuzunguka vizuri mkononi juu ya meza, kisha zikalia na kutafunana baada ya safari chache.

Meno ya mshazari hushikana polepole na kwa ukimya, lakini husukuma shafti kuelekea pembeni, na msukumo huo hubebwa na beringi na washa (pete bapa za chuma) za mwisho. Meno yaliyonyooka hayasukumi pembeni, ila hulia kwa sauti kali inayosikika hata kwa abiria wa nyuma. Yanapendwa na watu wa mashindano. Katika gari la matembezi ya mwisho wa wiki, sauti hiyo huchekesha kwa siku mbili za kwanza tu.

Ukinunua gia zilizotumika, zikague mchana kwenye mwanga wa jua. Uso wa jino uwe laini. Vishimo vidogo kama vilivyodonolewa na sindano ni dalili kwamba tabaka gumu la juu limeanza kubanduka. Angalia pia meno madogo ya pembeni yanayoshikwa na kola ya sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia na wa shafti kabla gia haijaingia. Ncha zake ziwe kali kama paa la nyumba, pande zote mbili zikilingana. Zikiwa zimelika na kuwa mviringo, gia hiyo itakuwa inachomoka yenyewe barabarani, na hakuna marekebisho ya nje yatakayoiponya.

Kutoa na kufungua

Kabla ya kulisimamisha gari, liendeshe mara ya mwisho na daftari. Andika gia inayokwaruza, inayochomoka, inayovuma, na iwapo mvumo unatoweka unapokanyaga klachi gari likiwa limesimama. Mvumo unaotoweka hivyo unakuambia tatizo liko kwenye kitu kinachozunguka pamoja na shafti ya kuingilia, na ungejuta kuacha beringi mbovu ndani baada ya kazi yote hii.

Mwaga oili ikiwa ingali vuguvugu, lakini fungua kwanza nati ya kujazia. Ukimwaga halafu ukakuta nati ya kujazia imeota kutu na haifunguki, gari halitembei tena. Tenganisha betri, nyanyua gari na uliweke kwenye stendi imara, wala usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Tegemeza injini kabla ya kufungua bolti zinazoiunganisha na giaboksi. Giaboksi itolewe ikiwa imenyooka. Ikining'inia kwenye shafti yake ya kuingilia, sahani ya klachi hupinda, na utalaumu gia mpya kwa kosa la klachi. Kisha ioshe nje mpaka iwe safi kama sufuria kabla ya kufungua hata bolti moja, kwa kuwa chembe ya mchanga ndani ya beringi haina msamaha.

Ufunguaji wenyewe hutofautiana na kila aina, na mwongozo wa kiwanda wa giaboksi yako ndio wa kufuatwa kwa mpangilio wa hatua. Kuna mambo machache ambayo ni yaleyale karibu kila mahali. Gololi na springi za kushikilia nafasi ya gia zimebanwa, nazo huruka. Fungua vifuniko vyake ukiwa umeweka kitambaa juu, na uandike ni springi ipi ilitoka wapi, kwa sababu zinaweza kufanana na kutofautiana urefu kwa milimita chache. Kati ya fito za kubadilishia gia mna pini ndogo zinazozuia gia mbili kuingia kwa wakati mmoja. Ni ndogo kama punje, na ni rahisi kuzisahau ndani ya grisi nzee. Giaboksi iliyofungwa bila pini hizo itakubali gia mbili siku moja, na magurudumu yatafunga gari likiwa kwenye mwendo.

Katika giaboksi yenye shafti ya chini inayozunguka juu ya beringi za sindano zisizo na kikapu, usichomoe mhimili wake hivi hivi. Tengeneza mhimili wa bandia wa kipenyo kilekile lakini mfupi zaidi, ambao urefu wake ni wa mkungu na washa zake za mwisho. Usukume ndani ukiusukuma ule wa asili nje, na sindano zote zitabaki mahali pake. Nilipofanya kazi hii mara ya kwanza sikuwa na mhimili huo. Sindano zilimwagika ndani ya kasha kwa sauti ya mvua ya mawe kwenye bati, na nilizihesabu mara tatu nikapata majibu matatu. Baadaye niliikuta ya mwisho imeganda kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili. Hesabu sindano kabla, hesabu baada, na kama ukosefu ni wa moja tu, bado ni ukosefu.

Kola ya sinkronaiza na kitovu chake vimezoeana, kwa hiyo weka alama ya kalamu ya rangi kwenye vyote viwili kabla ya kuvitenganisha, pamoja na alama ya upande unaotazama mbele. Piga picha kila hatua, lakini usitegemee picha peke yake. Panga vipande kwenye meza kwa mfuatano uleule vilivyokaa kwenye shafti, washa kwa washa, huku upande ulio nje ukibaki nje.

Gia zilizokaa kwa kubana hutolewa kwa presi au pula. Presi ishike gia karibu kabisa na shafti, kamwe isishike kwenye meno. Nyundo haina kazi hapa, isipokuwa ile ya plastiki kwa kugutusha kasha.

Kufunga gia mpya na kupima

Safisha shafti na upitishe jiwe laini la mafuta kwenye mikwaruzo yoyote ya mahali gia inapokaa. Gia inayokaa kwa kubana ipashe joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kwenye oili au kwenye jiko la umeme lenye kipimo, wala si kwa moto wa gesi. Moto wa gesi hupasha upande mmoja na huweza kuharibu ugumu wa chuma bila kuacha alama unayoiona. Vaa glavu nzito, iteleze gia kwenye shafti kwa mwendo mmoja bila kusita, na uishike imesukumwa hadi mwisho kwa nusu dakika. Ikisita katikati, itashika palepale ilipo, na utarudi kwenye presi. Hakikisha mapema kwamba kijipini cha kufungia gia na shafti kimekaa sawa kwenye mfereji wake, kwa sababu ukishaiteleza gia huna nafasi ya kurekebisha.

Pete za shaba za sinkronaiza zibadilishe wakati uko ndani, hata kama zinaonekana nzuri. Kisha zipime: weka pete kwenye koni ya gia, ibonyeze kwa vidole viwili huku ukiizungusha kidogo, na usikie inavyoshika. Pete nzuri hushika ghafla na kukataa kuzunguka. Bila kuiachia, ingiza fila geji (bapa nyembamba za kupimia nafasi) kati ya pete na meno madogo ya gia, katika sehemu tatu. Pete mpya kwa kawaida huacha nafasi ya karibu milimita 1 au zaidi kidogo, na nafasi ikishuka hadi karibu nusu milimita, pete imekwisha. Kipimo kamili ni cha mwongozo wa giaboksi yako. Kama pete mpya inateleza kwenye gia iliyotumika, tazama koni: ikiwa inang'aa kama kioo, isugue kwa msasa laini sana kwa mzunguko, kiasi cha kuondoa mng'ao tu.

Sasa tunafika kwenye kipimo kinachotofautisha giaboksi itakayodumu na ile itakayorudi mezani. Kila gia inayozunguka juu ya shafti inahitaji nafasi ya kucheza kwa urefu wa shafti. Ikikosa nafasi, itapata moto na kushika. Ikizidi, itakuwa inachomoka. Katika giaboksi nyingi nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.10 na 0.25, na hupimwa kwa fila geji kati ya gia na washa au kola inayoikabili. Gia mpya haina unene uleule wa ile ya zamani hata kama imeandikwa hivyo kwenye boksi lake, kwa hiyo usidhani washa za zamani zitatoa kipimo cha zamani. Saklipi (pete za kuzuia gia isihame kwenye shafti) na washa huuzwa kwa unene wa daraja mbalimbali kwa sababu hiyo hasa. Pima, chagua, funga, pima tena. Washa zenye mifereji ya oili zielekeze mifereji upande wa gia inayozunguka. Ikielekezwa upande wa pili, oili haifiki inakotakiwa.

Kwa magari ambayo giaboksi na difu vimo ndani ya kasha moja, kama Beetle, shafti ya kutokea ndiyo hiyo hiyo yenye pinioni kwenye ncha yake. Nafasi ya pinioni kuelekea krauni imewekwa kwa shimu, yaani bapa nyembamba za kujazia nafasi. Ikiwa umebadilisha gia ya tatu na ya nne tu, ukaacha pinioni, beringi yake na kasha vilevile, rudisha shimu zilezile upande uleule, na umemaliza. Lakini ukibadilisha beringi kubwa ya pinioni, au krauni na pinioni, kazi inabadilika kabisa. Krauni na pinioni vina namba za kulinganisha zilizochorwa, na visichanganywe. Kina cha pinioni kipimwe upya, kisha mchezo kati ya meno upimwe kwa geji ya saa, ambao kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25, na mwisho paka rangi ya kupimia kwenye meno kadhaa ya krauni na uizungushe ukiwa umeizuia kidogo. Alama ikae katikati ya jino, kuelekea upande wa ndani kidogo. Kama huna vifaa hivyo, peleka sehemu hiyo kwa fundi wa difu. Hakuna aibu, nami pia hupeleka.

Kila kipande kipake oili kabla hakijaingia. Saklipi zote, sili zote na gasketi zote ziwe mpya, huku ukizingatia kwamba katika baadhi ya giaboksi unene wa gasketi ni sehemu ya kipimo cha beringi, kwa hiyo usiongeze silikoni mahali palipokuwa na karatasi. Silikoni inayozidi hukatika ndani na kuziba njia za oili. Nati kubwa za shafti zifungwe kwa spana ya torki kwa kiwango cha mwongozo, na kama zina mahali pa kukunja ili zisilegee, zikunje sasa hivi, si baadaye.

Kabla ya kufunga kasha la mwisho, ingiza kila gia kwa mkono na uzungushe shafti ya kuingilia. Hesabu mizunguko: katika gia ya 2.06, mizunguko miwili na kidogo ya kuingilia itoe mmoja wa kutokea, ukipima kabla ya difu. Inasikika kama mchezo wa watoto, lakini kwa dakika mbili umethibitisha kwamba umefunga jozi uliyoinunua. Kisha jaribu kuingiza gia mbili kwa pamoja. Giaboksi ikatae. Uma wa kila gia, ule unaosukuma kola, usiwe unaiegemea muda wote. Gia ikishaingia, uma uwe huru kidogo, la sivyo utalika na kupata moto.

Oili, spidomita na kilomita za kwanza

Oili ya giaboksi ya zamani si jambo la kubahatisha. Daraja la GL-5 lina viungo vingi zaidi vya kulinda meno ya difu yenye shinikizo kali, na baadhi ya viungo hivyo huweza kushambulia shaba ya pete za sinkronaiza. Giaboksi nyingi za zama hizo zinataka GL-4, na nyingine, hasa za Uingereza, zilitumia hata oili ya injini. Fuata mwongozo.

Spidomita hutegemea inakochukulia mzunguko. Katika magari mengi yenye injini mbele huchukua kwenye shafti ya kutokea ya giaboksi, kwa hiyo kubadilisha gia za ndani hakuiathiri, lakini kubadilisha difu au ukubwa wa tairi kunaidanganya. Katika Beetle, waya wa spidomita huanzia kwenye gurudumu la mbele, na gia yoyote utakayoifunga haitaugusa.

Kwa kilomita 500 za mwanzo, endesha kwa kubadilisha mwendo mara kwa mara, bila kuburuta gari kwenye gia ya juu na bila kubadilisha gia kwa haraka, ili pete mpya zipate kuzoeana na koni zake. Gia ya tatu ikiwa nzito kidogo asubuhi ya kwanza, vumilia. Ikikwaruza hata oili ikishapata joto, rekebisha kwanza klachi, kwa sababu klachi isiyoachia kikamilifu hufanana sana na sinkronaiza mbovu. Baada ya kilomita hizo 500 mwaga oili kwenye chombo safi na uitazame sumaku. Uji mweusi wenye mng'ao mwembamba ni wa kawaida kwa gia mpya. Ufute, jaza oili mpya, endelea. Ukikuta kipande unachoweza kukishika kati ya kucha mbili, kiweke juu ya karatasi nyeupe na ukilinganishe na ncha za meno madogo ya sinkronaiza na sindano za beringi, kisha uitoe giaboksi kabla hujaliendesha gari tena.